Kabla ya Kushika Panga: Somo la Kufyeka Msitu na Kupanda Miti Kwenye Ploti Mpya



Mwezi huu somo letu latoka Kona ya Musa, kando ya barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga. Upande wa bahari, ardhi ni mwamba wa matumbawe uliofunikwa na udongo mdogo. Upande wa bara, mchanga wapanda polepole kuelekea Milima ya Shimba. Kati ya pande hizo mbili wapo wakulima wengi wa skimu za makazi, na wengi wao wamepewa ploti zenye kichaka kizito au msitu.

Mtu akionyeshwa mipaka ya ploti ya namna hiyo, jambo la kwanza limjialo ni panga, na la pili ni kiberiti. Hatumlaumu. Watoto wataka kula, na mahindi hayaoti chini ya kivuli. Lakini somo hili lina neno moja tu la kukuambia, na mengine yote ni maelezo yake: hesabu kwanza, kata baadaye, na anza kupanda kabla hujamaliza kukata.

Haya siyasemi kwa kuyasoma kitabuni tu. Nilipokuwa darasa la 6, mjomba wangu alipata ekari 6 za msitu. Ilikuwa mwezi wa Februari, na upepo wa kaskazi ulikuwa bado wavuma. Tulifyeka siku tisa, kila kitu, kikubwa na kidogo, tukaacha kikauke. Siku ya kuchoma, mimi ndiye niliyetumwa kuleta kiberiti. Asubuhi moto ulikwenda vizuri. Karibu na adhuhuri upepo ulizidi, cheche zikaruka mpaka, zikaangukia jiko la jirani lililoezekwa makuti. Hakufa mtu. Lakini mama yule alipoteza jiko, mahindi yake ya mbegu, na minazi minne iliyokuwa ikizaa. Mjomba alilipa mbuzi watatu, na maneno yalibaki baina ya nyumba zile mbili kwa miaka mingi.

Mwaka wa kwanza mahindi ya mjomba yalikuwa mazuri, hata watu walikuja kuyatazama. Mwaka wa pili yalipungua. Mwaka wa tatu yalitoka mafupi na ya manjano, na magugu yakayashinda. Mjomba alisema shamba limerogwa. Halikurogwa. Na tuone sababu yake.

KWA NINI MCHANGA WETU HAUTAKI HARAKA

Chukua udongo kwa mkono chini ya msitu, kisha chukua mwingine kwenye shamba lililolimwa miaka 10. Ule wa kwanza ni mweusi, washikana kidogo, una harufu ya majani yaliyooza. Wa pili ni mchanga tu, wapita katikati ya vidole. Weusi ule ndio mboji, na katika ardhi yetu ya pwani mboji ndiyo ghala ya chakula cha mimea. Mchanga wenyewe hauna uwezo wa kushika mbolea wala maji kwa muda mrefu.

Mboji ile hutengenezwa na majani yaangukayo kila mwaka. Mizizi mirefu ya miti huvuta chakula kilichozama chini, jani hukipandisha juu, jani laanguka, wadudu walila, udongo wapata. Ukiikata miti yote siku moja na kuichoma, majivu hukupa chakula kingi kwa mara moja. Ndiyo sababu mahindi ya mwaka wa kwanza hustawi. Lakini mvua za mwaka zikija juu ya ardhi iliyo uchi, maji huyazamisha majivu mahali mizizi ya mahindi haifiki, na jua humaliza mboji iliyobaki. Ni kama mtu aliyeuza ng'ombe wake akafanya karamu: siku ile alishiba, lakini kesho hana maziwa.

Wazee wetu walifyeka na kuchoma, na hawakuharibikiwa, kwa kuwa walihama. Walilima misimu michache, wakakiacha kipande kile kirudi kichaka miaka mingi. Wewe una bikoni nne za kukuzunguka, na huna mahali pa kuhamia. Basi njia ya wazee yataka kubadilishwa.

HABARI YA KONGWA

Mtu aweza kudhani kwamba kosa la mjomba wangu lilitokana na umaskini, na kwamba angekuwa na trekta yote yangekwenda sawa. Na tutazame yaliyotokea Tanganyika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na kazi ilianza Kongwa, katika Dodoma. Walikusudia kufyeka ekari zaidi ya milioni 3. Walikuwa na matrekta, mashine za kung'oa miti, mainjinia na fedha tele.

Msitu uliwashinda. Mizizi iliyobaki ardhini iliharibu majembe ya matrekta. Udongo wa Kongwa, ukisha kuvuliwa nguo na kukauka, uligeuka mgumu kama saruji, hata kuchimbua karanga ikawa taabu. Mvua nayo haikuja kama walivyotarajia. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na karibu pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Waliotengeneza hesabu ile walihesabu ekari na karanga. Udongo na mvua hawakuvichunguza vya kutosha.

Sasa sikiliza upande wa pili wa habari hii. Katika Dodoma hiyo hiyo, wakulima wa siku hizi wanatumia njia iitwayo Kisiki Hai. Mti uliokatwa zamani, mizizi yake ikiwa hai, hutoa machipukizi mengi. Mkulima huchagua machache yaliyonyooka, hupogoa mengine, na mti hurudi bila kupandwa. Haihitaji mashine wala miche. Yataka kisu, macho, na subira. Tutarudi kwenye jambo hili.

HATUA YA KWANZA: TEMBEA NA CHOKAA

Mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, chukua kopo la chokaa, burashi, kamba na daftari. Mchukue na mkeo au mumeo, na mzee mmoja anayeijua ardhi ile tangu zamani. Tembea ploti yote, na weka alama nyeupe kwenye kila mti usiotakiwa kuguswa. Tia alama hizi:

1. Miti ya bikoni na ya mpaka. Kwanza hakikisha bikoni zako zote zipo. Ugomvi mwingi wa mipaka huanza siku ya kufyeka.

2. Miti ya matunda na ya thamani: minazi, miembe, mikwaju, mikanju, mbambakofi, mvule. Mvule usiuguse kabisa, nami nitakuambia sababu. Katika ploti ya mjomba palikuwa na mvule ambao watu wawili hawakuweza kuukumbatia. Hatukuukata, lakini moto uliingia mizizini, nao ukafa umesimama. Mjomba amejaribu kupanda mwingine mara tatu. Mche wa mvule ukipandwa juani, mdudu mdogo hulishambulia jani changa, likajikunja na kuvimba, na kilele kikafa. Miwili ilikufa hivyo. Wa tatu aliupanda kwenye kivuli cha mwembe, nao sasa wamfika begani. Mvule mkubwa ulio nao leo, mjukuu wako ndiye angeuona mwingine kama huo.

3. Miti iliyo kando ya mto, kijito au chemchemi. Hapo usikate hata mmoja kabla ya kuuliza ofisini. Miti hiyo ndiyo ishikayo kingo.

4. Makaburi, mahali pa tambiko, na miti ya dawa. Waulize wazee. Si mbali na hapa ipo Kaya Kinondo, ambayo pamoja na kaya nyingine za Mijikenda iliandikwa mwaka 2008 na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Msitu ule umesimama mpaka leo kwa sababu wazee hawaruhusu kutoa humo hata kijiti. Kama ploti yako yapakana na kaya, acha nafasi, wala usipeleke moto karibu.

5. Miti ya watu. Jambo hili lataka adabu. Katika desturi ya pwani, ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi ukawa wa yule aliyeupanda. Huenda mwembe ulio kwenye ploti yako ulipandwa na mtu aliyeishi hapo kabla ya skimu, na watoto wake wako kijiji cha pili. Karatasi yako yakupa ardhi, lakini usiushike shoka mpaka umewaita, mkaketi mbele ya mzee wa mtaa na ofisa wa skimu, mkapatana. Shoka likisha kuanguka, hakuna kupatana tena, kuna kesi.

HATUA YA PILI: HESABU YA UBAONI

Nilisomea ualimu kabla ya kuja ofisi ya kilimo, basi niwieni radhi nikichukua chaki. Tuseme ploti yako ni ekari 8, nayo ni ya mraba. Ekari 1 ni mita za mraba 4,047. Ekari 8 ni kama mita za mraba 32,376. Basi kila upande ni kama mita 180, na mzunguko wote ni mita 720.

Kanuni za Misitu ya Shambani za mwaka 2009 zamtaka kila mwenye shamba la kilimo awe na miti katika asilimia 10 ya shamba lake. Asilimia 10 ya ekari 8 ni ekari 0.8. Wengi wakisikia hivyo huona wamenyang'anywa. Tazama jinsi ekari 0.8 ipatikanavyo bila kupunguza chakula:

Kipande cha msitu wa asili cha mita 30 kwa 40, kilicho mahali pa mawe mengi au kwenye mteremko mkali, ni ekari 0.3. Hapo mahindi yasingeota vizuri hata hivyo.

Nusu ekari ya mivinje, ikipandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kila upande, yachukua miti kama 320. Hiyo ni boriti na kuni za nyumba yako, na akiba ya kuuza.

Jumla ni ekari 0.8. Bado hujapanda mpakani. Ukipanda mti mmoja kila mita 3 kuzunguka mita 720, una miti 240 mingine, na hakuna shamba lililopungua ila ukingo.

Kwa mazao ya kudumu, minazi mirefu ya kwetu yataka mita 9 kila upande, nayo ni kama minazi 50 kwa ekari. Mikanju yataka mita 12, nayo ni 28 kwa ekari. Usiibane. Mikanju iliyogusana matawi haizai katikati, na ugonjwa wa ubwiri unga huenea upesi mahali pasipopita hewa.

HATUA YA TATU: FYEKA KWA ZAMU

Toa ekari 1 kwa nyumba, ua na kile kipande cha msitu. Zabaki ekari 7. Zigawe sehemu nne, kila moja ekari 1 na robo tatu. Fyeka sehemu moja tu kila mwaka. Mambo matatu hufuata. Kwanza, kazi yatosha nguvu za nyumba yako bila kukopa vibarua. Pili, sehemu tatu zilizobaki zaendelea kukupa kuni, fito, makuti na malisho. Tatu, ukikosea mwaka wa kwanza, kosa ni la robo, si la shamba zima.

Katika sehemu ile, fuata utaratibu huu:

Anza na vichaka vidogo na mitambaa. Kata kwa panga, usiung'oe udongo.

Kisha kata miti midogo, na ichambue papo hapo: fito upande mmoja, boriti upande mmoja, kuni upande mmoja. Usilundike ovyo, maana fito iliyochanganywa na kuni mwisho huwa kuni.

Miti mikubwa isiyo na alama ikatwe mwisho, na mtu mwenye ujuzi. Angalia upepo na mwelekeo wa kuanguka, na watoto wasiwe karibu. Kabla ya kupasua mbao, kuchoma makaa au kusafirisha magogo, pata kibali. Lori lililokamatwa njiani bila karatasi hupoteza mali na siku.

Matawi na majani usiyachome. Yapange mistari kukata mteremko, kila hatua 15 au 20. Mistari hiyo huzuia maji kukimbia na udongo, nayo yenyewe huoza ikawa mboji. Mahindi utapanda katikati.

Visiki acha vingine hai. Kwa kulima na jembe la mkono, kisiki hakikuzuii. Chagua vichache vilivyo kwenye mistari au mpakani, acha kila kimoja machipukizi mawili yaliyonyooka, mengine pogoa. Baada ya miaka michache utakata fito bila kupanda. Lakini kama wataka trekta iingie, kumbuka Kongwa: mahali pa trekta visiki na mizizi ving'olewe kabisa, au trekta isiingie.

Magogo ya minazi iliyokufa ni habari nyingine. Hayo usiyaache yaoze. Chonga, yule mbawakawa mweusi mwenye pembe, hutaga mayai katika gogo la mnazi lililooza, na katika marundo ya samadi ya zamani. Akisha kukua, huruka akatoboa moyo wa minazi michanga uliyoipanda jana. Gogo la mnazi lipasue, litumie au lichome. Rundo la samadi ligeuze mara kwa mara, na funza wakubwa weupe utakaowaona wape kuku.

HABARI YA MOTO

Huenda ikakulazimu kuchoma kidogo, kama magogo hayo, au miiba. Basi choma marundo madogo, moja moja, mbali na mti wenye alama. Fyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka rundo, uifagie mpaka mchanga uonekane. Waambie majirani tangu jana yake. Choma alfajiri au jioni hewa ikiwa imetulia, kamwe si adhuhuri upepo ukivuma. Weka ndoo za maji na matawi mabichi tayari, na usiondoke mpaka majivu yamepoa mkononi. Kumbuka kwamba nyumba nyingi za kwetu zimeezekwa makuti. Cheche moja yatosha.

HATUA YA NNE: MTI GANI, MAHALI GANI

Mwaka ule ule unaofyeka sehemu ya kwanza, ndio mwaka wa kupanda. Usingoje umalize zote nne.

Upande wa kusini, panda mivinje mistari miwili au mitatu. Kusi huanza kuvuma mwezi wa Aprili na hupiga kwa nguvu Juni mpaka Agosti, na ndiyo ivunjayo migomba na kukausha mahindi. Mti wa kukinga upepo husaidia mpaka mbali ya mara 10 ya urefu wake. Mvinje wa mita 10 hukinga kama mita 100 za shamba.

Mvinje ni mti wa kustahimili. Mwaka 1971, huko Bamburi kaskazini ya Mombasa, bwana René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji. Hapakuwa na udongo, mwamba wa matumbawe mtupu tu. Alijaribu aina 26 za miti, na 3 tu ndizo zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakalala bila kuoza. Basi wakaletwa jongoo. Jongoo wakayala majani, na mavi yao yakawa mwanzo wa udongo. Leo mahali pale ni msitu, na watu hulipa kwenda kuutazama. Kwa hiyo, mkulima mwenye ploti ya mawe, usikate tamaa. Na ukimwona jongoo shambani, usimponde. Ni mfanyakazi asiyedai mshahara.

Karibu na nyumba, panda mwembe, mdimu, mchungwa na mfenesi, ambako maji ya kuoshea vyombo yatafika. Mwarubaini, ambao wengine huuita mkilifi, ni mzuri kwa kivuli na dawa, lakini mmoja au miwili uani yatosha. Ndege hula matunda yake na kuzitawanya mbegu, nao huingia msituni ukasonga miti ya asili. Usiupande karibu na kaya.

Mikaratusi usiipande karibu na kisima, kijito wala bonde la maji. Yanywa kuliko ng'ombe.

Mpakani panda miti inayokatwa na kuchipua, kama gliricidia. Matawi yake ni boma, majani ni chakula cha mbuzi na mbolea ya shamba.

KUPANDA KWENYEWE

Chimba mashimo mwezi wa Machi, kabla ya mvua. Kwa mti wa matunda au mnazi, shimo liwe sentimita 60 kila upande na kwenda chini, na kwenye mawe tumia mtaimbo. Udongo wa juu uweke kulia, wa chini kushoto. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza, urudishe kwanza.

Panda mvua ikiwa imelowesha ardhi kweli kweli, yaani ukichimba urefu wa kiganja hadi kiwiko ukute unyevu. Mvua ya siku moja isikudanganye. Toa mfuko wote wa mche, usipasue chini tu. Shindilia kwa mguu taratibu. Weka matandazo ya nyasi au makuti, lakini yasiguse shina, maana mchwa watapanda humo. Zungushia miiba, kwa sababu mbuzi wa jirani hajui mpaka.

Kwa mbegu: korosho hupandwa moja kwa moja shimoni, mbegu tatu, kisha huachwa mche mmoja ulio bora. Zitie kwanza katika maji, zinazoelea ni za kula, zinazozama ni za kupanda. Mbegu ya mwarubaini isikae zaidi ya wiki mbili, hupoteza uhai. Miche ya mivinje ichanganyiwe udongo kidogo uliotoka chini ya mvinje mkubwa. Katika udongo ule mna vijidudu vinavyousaidia mti kujipatia mbolea kutoka hewani.

WAKULIMA WANAULIZA

Wa kwanza asema: "Miti yaficha nyani na nguruwe, nao hula muhogo wangu." Ni kweli, na hasara hiyo si ndogo. Dawa yake ni kufyeka ukanda safi wa hatua 20 baina ya msitu na mazao, na kupanda karibu na ukanda huo vitu wasivyovipenda sana, kama pilipili. Muhogo na mahindi yawe karibu na nyumba. Tena jua kumtofautisha mwizi na asiye mwizi. Mbega, yule mweusi mwenye mabega meupe ambaye Diani yajulikana kwa ajili yake, chakula chake hasa ni majani ya miti. Usimwadhibu kwa makosa ya nyani.

Wa pili asema: "Mnazi wazaa baada ya miaka sita au saba. Nitakula nini?" Kula kilicho katikati. Minazi na mikanju ikiwa michanga, nafasi ile kubwa ni ya mahindi, kunde na muhogo kwa miaka mitatu minne. Palizi ya kunde ndiyo palizi ya mnazi.

Wa tatu asema: "Mti uliosimama haulipi." Watu wa Gazi na Makongeni wangekujibu. Tangu mwaka 2013, kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja, wanahifadhi mikoko yao na kuuza hewa ya ukaa, na fedha hutumika kwa maji na shule. Nao hupanda mivinje ili watu wapate kuni na boriti bila kugusa mikoko.

Lakini nataka kuwakumbusha jambo moja kubwa kuliko fedha. Wazee wetu wengi wa pwani waliishi juu ya ardhi ya watu wengine. Waliruhusiwa kulima mahindi na muhogo, lakini wakipanda mnazi au mwembe walikatazwa, kwa kuwa mti wa kudumu ulihesabiwa kuwa madai ya ardhi. Mtu alizeeka bila mti hata mmoja aliouita wake. Wewe leo waweza kupanda mnazi mchana kweupe, na hakuna atakayekuuliza. Usiianze ruhusa hiyo kwa kuifanya ploti yako jangwa.

KALENDA YA KAZI

Januari na Februari: kutembea, kuweka alama, kufyeka sehemu moja.
Machi: kupanga mistari ya matawi, kuchimba mashimo, kutia samadi.
Aprili na Mei: kupanda miti na mazao.
Juni na Julai: palizi, matandazo, kuangalia chonga.
Agosti: kulaza nazi za mbegu kitaluni, zilizokomaa, kutoka mnazi uzaao vizuri.
Oktoba na Novemba: vuli. Kujazia miche iliyokufa, kusia mbegu za mivinje za mwaka ujao.
Desemba: kuhesabu miche iliyo hai na kuiandika daftarini.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mahindi ya mwaka wa kwanza baada ya kuchoma huwa mazuri, na ya mwaka wa tatu huwa mabaya?
2. Ploti yako ni ekari ngapi? Asilimia 10 yake ni ekari ngapi?
3. Taja miti mitano kwenye ploti yako ambayo utaitia chokaa. Mmoja wao ni wa nani?
4. Kwa nini gogo la mnazi haliachwi lioze, na matawi ya msituni yaachwa?
5. Jirani yako wa upande unaokwenda upepo anaitwa nani, na jiko lake limeezekwa kwa nini?

Majibu yako yaandike, na siku bwana shamba atakapopita umwonyeshe. Ukiwa na mtoto anayesoma, mpe yeye kazi ya hesabu, na mpeleke shambani mkatembee pamoja na kopo la chokaa. Mimi nilipelekwa na kiberiti. Afadhali chokaa.